Kabla Hujalipa Ada ya Warsha ya Upigaji Picha

Mwishoni mwa Rajabu, binti wa kaka yangu alikuja kwangu baada ya sala ya alasiri akiwa na kamera aliyoinunua kwa mtu, ameitia ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Katika simu yake alikuwa na tangazo la warsha ya siku 3 ya upigaji picha, itakayofanyika Shaaban. Alipomaliza kunisalimu na kuniuliza hali za watu wa nyumbani alinisogezea simu ile, akasema, "Shangazi, nataka uniambie kweli. Nilipe au nisilipe?" Ada ilikuwa shilingi 180,000, ambazo kwake yeye ni akiba ya miezi kadhaa ya kutarizi kofia. Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie muda nifikiri, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe miaka 9 iliyopita, nikalijibu kwa pupa, na sikupenda alipie kosa langu kwa fedha zake.

Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia baadaye, pamoja na mengine ambayo sikuwa nayo tayari alipokuwa ameketi mbele yangu.

Mimi nilipohudhuria warsha yangu ya kwanza nilikuwa na kamera kwa muda wa wiki 3 tu. Nilikuwa nimeipata kwa ndugu aliyekuja likizo kutoka Muscat, na hata kukifungua kifuniko cha betri nilikuwa nikifanya kwa hofu. Niliposikia kuwa kuna warsha Dar es Salaam, nilipanda boti ya asubuhi nikiwa na daftari jipya na matumaini makubwa. Ukumbini tulikuwa watu wapatao 40, mkufunzi mmoja, na projekta iliyokuwa ikitupa ukutani picha za simba, za milima yenye theluji na za nyuso za watu wa nchi za mbali. Mkufunzi alikuwa na ujuzi na alikuwa na moyo wa kufundisha, wala simlaumu. Alitueleza tundu la lenzi (njia inayopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao mwanga huachiwa kuingia) na ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga), akaandika tarakimu ubaoni, nasi tukazinakili kama watoto wa chuoni wanavyonakili herufi. Siku ya pili tulitoka nje kwa muda wa saa 2, kila mmoja akapiga alichokiona, kisha tukapewa vyeti na kupigwa picha ya pamoja. Wiki iliyofuata niliitwa katika shughuli ya jirani, nikaiweka kamera katika otomatiki kama nilivyokuwa nikiiweka siku zote, na daftari langu likabaki kabatini.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba sina akili ya mambo ya kiufundi, na nawajua wanawake wengi walioiweka kamera chini kwa imani hiyo hiyo. Siku hizi naona sababu ilikuwa nyingine: nilikwenda kutafuta dawa kabla sijaumwa. Kila alichokisema mkufunzi kilikuwa jibu, na mimi sikuwa na swali hata moja la kulipokelea jibu hilo.

Chukua zile tarakimu za tundu la lenzi, ambazo ndizo zinazowatisha wanagenzi kuliko kitu kingine chochote: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Ukisogea hatua moja kwenda kwenye namba kubwa zaidi, mwanga unaoingia katika kamera unapungua kwa nusu. Namba hizi zinaonekana kama hazina mpango kwa sababu kila moja ni urefu wa fokasi wa lenzi, zile milimita zilizoandikwa juu yake, uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu lake, ilhali mwanga hupita katika eneo zima la tundu. Ili eneo hilo lipungue kwa nusu, inatosha kipenyo kigawanywe kwa 1.4 na kitu, ambayo ni kipeuo cha pili cha 2. Hayo ndiyo yote. Aliyewahi kukaa katika darasa la hesabu la sekondari ameshayaelewa kwa kuisoma aya hii, na akiyasahau atairudia. Yamo pia katika kijitabu kinachokuja na kamera, na yamo katika video nyingi za bure, nyingine kwa Kiswahili safi. Mtu asipande boti na kulala ugenini kwa ajili ya kusomewa ubaoni jambo ambalo lingemfikia akiwa amejilaza kitandani kwake.

Asichokipata katika kijitabu ni mtu wa kusimama ubavuni mwake, akazitazama picha zake yeye, akaona kosa ambalo yeye mwenyewe amelizoea kiasi cha kutoliona tena. Nitaeleza lililonipata, kwa kuwa ndilo lililonibadilisha mawazo.

Kazi yangu zaidi ni harusi na shughuli za wanawake. Kwetu Unguja sehemu kubwa ya sherehe ya harusi ni ya wanawake peke yao, na mpiga picha mwanamume haingii huko, kwa hiyo mwanamke mwenye kamera hapungukiwi na wateja akiwa anaaminika. Katika siku moja ninaweza kupiga safu ya wazee waliovaa kanzu nyeupe wakitoka kwenye nikaha, kisha nikapiga shangazi na makhalati wa biharusi wakiwasili ukumbini na mabuibui yao meusi. Miaka yangu 2 ya kwanza nilikuwa nikisumbuliwa na jambo moja: kanzu zilitoka kijivu kama nguo isiyofuliwa vizuri, na mabuibui yalitoka yamepauka kama majivu. Nilidhani lenzi ni mbovu. Niliisafisha, nikaazima nyingine kwa mwenzangu, na matokeo yakawa yale yale. Bibi mmoja aliyeoza mwanawe aliniuliza kwa upole kama ninaweza kuzirudisha kanzu za watu weupe wake, nikaona haya kupita kiasi.

Sababu yake ni hii. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala buibui. Kimetengenezwa kwa kuchukulia kwamba kilichoko mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, kinarudisha mwanga kwa kiasi cha kijivu cha wastani, ambacho wapiga picha hukiita kijivu cha asilimia 18. Kikikutana na weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, nacho kinaupunguza mpaka weupe unashuka kuwa kijivu. Kikikutana na weusi mwingi kinadhani mahali pana giza, nacho kinaongeza mwanga mpaka weusi unapauka. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mbele ya safu ya kanzu nyeupe unaongeza hatua moja, pengine zaidi kidogo. Mbele ya mabuibui unapunguza. Jambo hili linapingana na silika, kwani mtu akiona weupe mkali mkono wake humtuma apunguze, na ndiyo maana wengi wanakaa nalo miaka bila ya kulitegua.

Mimi niliteguliwa katika warsha yangu ya pili, miaka 2 baada ya ile ya kwanza. Tulikuwa watu 8 katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, na sharti la kuingia lilikuwa kwamba kila mmoja alete picha 20 zilizochapishwa, na kwamba nusu yake ziwe ni zile anazozionea haya. Mkufunzi wetu, mwanamke wa makamo, alizitandaza picha zangu juu ya mkeka, akazitazama kimya kwa muda, kisha akaokota 3. Aliniuliza, "Mwenzangu, kanzu hii ilikuwa ya rangi gani?" Nikamjibu kuwa ilikuwa nyeupe. "Na hii?" Nyeupe. Alinipa shuka nyeupe, akaniambia nikaitundike dirishani, niipige, niongeze hatua moja, niipige tena, kisha nimwonyeshe zote mbili. Tulitumia dakika 10. Sijalisahau somo lile mpaka leo, ingawa sikuliandika popote.

Usiku ule nilitoa daftari la warsha ya kwanza kabatini. Jambo lenyewe lilikuwamo, ukurasa wa 4, kwa mwandiko wangu, pamoja na kijivu cha asilimia 18 na kitufe chake.

Ndiyo sababu mtu akiniuliza kama mwanagenzi aende warsha, namuuliza kwanza ana picha ngapi mbovu anazoweza kuniletea. Asiyekuwa nazo bado, kwa maoni yangu, asubiri. Haihitaji kungoja miaka 2 kama mimi. Miezi 2 au 3 ya kupiga karibu kila siku inatosha kwa makosa kuanza kujirudia, na kosa linalojirudia ndilo linalofundishika. Akingoja sana nako kuna madhara yake, kwa kuwa mkono huzoea, na mazoea mabaya ya miaka 5 ni magumu kuyang'oa. Nawajua waliozoea kuwasha flashi kila mahali, hata alasiri chini ya mwembe, na hakuna mkufunzi anayeweza kuwabadilisha kwa siku 3.

Neno warsha lenyewe limetuchanganya kidogo. Kwetu limezoeleka kwa mikutano ya mahotelini yenye chai ya saa 4 na posho, lakini ndugu zetu walioko Ghuba wakisema wamelipeleka gari warsha wanakusudia gereji, mahali ambapo chombo kinafunguliwa na mikono inachafuka. Kiswahili kina neno lake la kale kwa mahali hapo, nalo ni karakana. Ninapolisoma tangazo la warsha ya picha huwa najaribu kuliweka neno karakana badala yake nione kama bado linakubali. Watu 40 wakimsikiliza mtu mmoja na projekta hawamo katika karakana. Hiyo ni semina, na semina ina faida zake, ila bei yake isiwe ya karakana.

Zamani hapa kwetu ufundi wa picha ulipita kwa njia ya karakana hasa. Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliianzisha Unguja mwaka 1930, iliendelezwa na mwanawe Rohit Oza, na mtoto anayekulia ndani ya studio hujifunza kwa kuona namna baba yake anavyomgeuza mtu bega kabla ya kubonyeza. Fundi alikuwa na mwanagenzi wake, na mwanagenzi alibeba mizigo, akachanganya dawa katika chumba cha giza, akaharibu karatasi kadhaa, akakemewa papo hapo. Wapo pia waliojianzia wenyewe. Mpiga picha wa habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera sahili ya Box Brownie iliyokwishatumika, na mwaka 1963 alikuwa tayari anaifungua kampuni yake ya picha, Camerapix, katika mji huo huo wa Dar es Salaam. Wanaopinga warsha hupenda kumtaja mtu kama huyo na kusema kwamba kipaji hakihitaji darasa. Wanasahau kwamba alikuwa akizipeleka picha zake kwa wahariri wa magazeti, ambao walizichukua au walizikataa, na kukataliwa na mhariri ni kufundishwa.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kusini. Mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ndiyo sheria ya Afrika Kusini, mpiga picha David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop mjini Johannesburg kwa ajili ya watu ambao milango ya vyuo ilikuwa imefungwa mbele yao. Lile pia limeitwa warsha, na ni mahali pa mtu kurudi na kazi yake tena na tena ikatazamwa, si pa kupita mara moja na kuondoka na cheti.

Kuna jambo jingine lililobadilika ambalo linaifanya hoja ya warsha kuwa na nguvu zaidi leo kuliko zamani. Katika siku za filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila moja ililipiwa mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kusafisha. Gharama hiyo ilimlazimisha mwanagenzi kufikiri, na safari ya kwenda studio ilimkutanisha na fundi ambaye alizishika picha zake mkononi na aghalabu hakunyamaza. Sasa mtu anaweza kupiga picha 300 katika jioni moja pasi na kutoa hata shilingi, akazirusha kwa jamaa zake, akarudishiwa mioyo na pongezi, na ikapita miaka bila ya mtu mwenye ujuzi kuitazama hata moja kwa dakika nzima. Kilichokuwa adimu zamani ni filamu, na kilicho adimu sasa ni jicho la mtu asiye na sababu ya kukusifu. Jicho hilo ndilo ninaloliona kuwa linastahili kulipiwa ada.

Jicho la nani, hilo nalo ni la kuangaliwa. Masomo mengi ya picha yanayotufikia yametungwa chini ya jua la nchi nyingine. Wanakuambia uzitafute picha zako katika saa ya dhahabu, yaani ule muda ambao jua liko chini na mwanga wake ni laini, nawe ukitoka ukidhani unayo saa nzima utarudi mikono mitupu. Unguja iko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, na kwetu jua hushuka karibu wima. Digrii 6 za mwisho kabla ya kuzama huzimaliza kwa dakika kama 25, wakati London katika kiangazi huchukua karibu mara mbili ya muda huo kwa sababu huko jua huteremka kwa mshazari. Mpiga picha wa Forodhani anapaswa kuwa ameshachagua mahali pake na ameshamsimamisha mtu wake kabla mwanga haujafika. Kwa upande wa pili, tunazo baraka ambazo masomo hayo hayazitaji: vichochoro vya Mji Mkongwe mchana, jua likiwa kali juu ya mapaa, vinajaa kivuli chepesi ambacho kuta za chokaa hukigawa kwa usawa juu ya uso wa mtu. Mkufunzi aliyeishi na mwanga huu atakupeleka huko, na asiyeujua atakuambia uifunge kamera mpaka jioni.

Vivyo hivyo kuhusu ngozi. Kwa miaka mingi, kuanzia katikati ya karne iliyopita, maabara za filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi ilikuwa ikitoka vyovyote itakavyotoka. Sensa za kamera za leo, yaani vipokea mwanga vyake, ni bora kuliko filamu ile, lakini mazoea ya kuwasha taa yanaendelea kurithiwa. Ngozi nyeusi hupendeza inapopata mwanga mpana unaotoka upande mmoja, ambao huacha mng'ao mwororo shavuni na kwenye paji la uso, na flashi ya moja kwa moja huiua. Nisingempeleka binti yangu kwa mkufunzi ambaye katika picha zake zote anazozitangaza hamna uso hata mmoja unaofanana na wa kwetu.

Lililo gumu zaidi kulitambua kabla ya kulipa ni warsha zinazotoa picha nzuri mno. Waandaaji hukodi mrembo, huleta taa 3 kubwa na miavuli yake, mkufunzi huzipanga mwenyewe, kisha washiriki husimama mstarini na kubonyeza kwa zamu. Kila mmoja anarudi nyumbani na picha ya kupendeza ambayo ukiipima kwa haki si yake. Mwanga si wake, pozi si lake, na mara nyingine hata lenzi imeazimwa. Wiki moja baadaye yuko chumbani kwake na dirisha moja na dada yake mdogo, na hawezi kuirudia hata robo ya picha ile, basi anaamua kwamba kinachomkosesha ni vifaa. Nimeona watu wakiingia katika madeni kwa njia hiyo. Warsha inayonipa imani ni ile inayotumia dirisha, ukuta mweupe, shuka na mtu aliyepita njiani akakubali kwa hiari yake.

Kukubali kwa hiari ni somo lenyewe, na kwa kazi ya wanawake ni nusu ya kazi. Katika shughuli zetu mtu amevua buibui lake kwa sababu ameamini kwamba waliomo ukumbini ni wanawake wenzake na kwamba sura yake haitatoka mlangoni. Mpiga picha ndiye pekee anayeondoka na sura hiyo katika memori kadi. Nimejifunza kumuuliza mwenye shughuli mapema nani asipigwe, kutoionyesha picha ya mtu katika simu yangu ili kutafuta wateja, na kuifuta kazi baada ya kuikabidhi pale familia inapotaka hivyo. Hakuna warsha niliyohudhuria iliyoligusa jambo hili, na nadhani ni upungufu mkubwa. Mwanagenzi wa kike anayekusudia kuingia katika kazi hii atafaidika zaidi kwa kumbebea mfuko mpiga picha mwanamke mwenye heshima katika harusi 5 kuliko kwa kukaa katika warsha 2.

Fedha sitazizungumzia kwa kirefu, kwa kuwa kila mtu anaujua mfuko wake. Ila mtu asihesabu ada peke yake. Ahesabu na nauli, na siku za kazi anazozikosa, na betri ya pili, kwa sababu betri moja haimalizi siku ya mazoezi. Wengi huniuliza kama si bora fedha hizo zikanunue lenzi. Kwa anayepiga usiku kumbini na lenzi ile ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, swali hilo lina uzito, kwani akiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya 5.6, na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo ni miongoni mwa zilizo rahisi, humwingizia mwanga karibu mara 10 ya huo. Hakuna mkufunzi anayeweza kuuleta mwanga huo kwa maneno. Lakini mtu huyo tayari ana tatizo analoweza kulitaja kwa jina. Asiyeweza kulitaja tatizo lake asinunue lenzi, na pengine asilipie warsha pia, mpaka aweze.

Wapo ambao nisingewaambia wasubiri. Aliyepewa kazi ya ofisini inayomtaka apige picha mwezi ujao, aende kesho. Aliyeiogopa kamera mpaka mwaka umepita haijatoka sandukuni, naye aende, kwa kuwa kinachomkosesha ni wenzake wa kuanza nao, na hilo warsha humpa hata kama mafunzo yenyewe ni hafifu.

Binti wa kaka yangu hakuwa katika kundi hilo. Aliporudi kwangu nilimwomba anionyeshe alichokipiga, nikaona picha 14, nyingi za paka na maua ya uani, zote katika otomatiki. Nilimshauri aiache warsha ya Shaaban. Tuliwapigia waandaaji, tukauliza watu wangapi watachukuliwa, tukauliza kama picha za washiriki zitatazamwa moja moja au la. Yule dada aliyepokea alituambia kwamba ya Shaaban haina kikomo cha watu, na kwamba kutakuwa na nyingine Mfunguo Pili, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani, ya watu 10, itakayokuwa na kutazama picha. Alimwambia kaka yangu mwenyewe saa za kuanza na kumaliza, kwamba kabla ya magharibi watu wameshatawanyika, na hilo likamaliza mjadala uliokuwa ukinisubiri kwa upande wake.

Kaka yangu aliniuliza kwa nini nisimfundishe mimi, ikiwa fani ni hii hii. Ninamfundisha ninachoweza. Lakini mimi ni shangazi yake. Akiniletea picha ninamwona yeye kabla sijaiona picha, na sifa yangu inatoka kabla ya uaminifu wangu. Isitoshe, ninajua kazi yangu kwa namna nilivyoipapasa, na yako mengi ninayoyafanya sawasawa bila ya kuweza kuyaeleza.

Kazi niliyompa ilikuwa ya Ramadhani nzima. Kila siku kabla ya futari aende jikoni kwa mama yangu, dirisha lake linatazama magharibi, na zile dakika 25 zinawakuta wote wako hapo wakikuna nazi na kukanda unga. Aiweke lenzi kwenye milimita 35, aibandike utepe isisogee, na apige jiko lile lile na bibi yule yule, baada ya kumwomba. Mama yangu alikubali kwa sharti kwamba asipigwe akionja chumvi, kwani funga ni funga na watu watasema.

Kumi la pili lilipokuwa linakaribia kwisha alikuja na picha zake. Katika moja, bibi yake yuko juu ya mbuzi ya kukunia nazi, dirisha nyuma yake limeungua kwa weupe, na uso wake haupo kabisa, ni kivuli tu chenye umbo la mtandio. Akaniambia, "Shangazi, kamera imeliona dirisha, haikumwona bibi. Nifanyeje?" Nilimwonyesha namna ya kuongeza hatua 2 na kuliacha dirisha liungue, na namna ya kuzunguka upande wa pili mwanga umwingie bibi shavuni. Akatoa nyingine, iliyopigwa taa ikiwa imeshawashwa: shavu moja la bibi lina rangi ya chungwa kutoka dirishani, jingine lina ukijani kutoka kwenye bomba la taa lililoko juu ya jiko. Aliniuliza kwa nini macho yake hayakuuona ukijani ule jikoni, na kamera imeuona. Mimi nimezoea kuizima taa tu nikapiga; maelezo yake ya sawasawa sikuwa nayo.

Aliigeuza picha ile, akaliandika swali lake nyuma kwa penseli. Siku chache baada ya Idi alilipa ada ya Mfunguo Pili, na picha ile ndiyo ya kwanza aliyoitia katika bahasha ya 20 atakazokwenda nazo.